Namba ya Simu ni Ile Ile, Shangazi

Mpendwa Shangazi Pulkeria,

Shikamoo. Neno "mpendwa" nimeliweka kwa sababu ndivyo ulivyonifundisha kuanza barua, nilipokuwa darasa la tatu ukanituma nimwandikie baba kule Kituntu kwamba sare yangu imechanika. Usilichukulie kwa uzito. Na hiyo shikamoo ni ya adabu tu. Adabu ulinipa ya kutosha, mpaka ikaja kuniponza.

Baba anasema marehemu hasemwi. Wanajumuiya nao wanasema hivyo hivyo. Lakini wewe hukunisema kwa siri. Ulisimama mbele ya jumuiya nzima, siku ya sala nyumbani kwa jirani, ukasema, "Tumwombee mwanetu Koku, udaktari umemshinda," na watu wazima wakafumba macho wakaniombea. Nami nilifumba macho nikajiombea pamoja nao. Kwa hiyo barua hii naiandika wazi, asome anayetaka.

Asiyetujua ajue hivi: wewe ni dada wa baba. Mama alipofariki nikiwa na miaka sita, baba alinileta kwako Songambele kwa pikipiki, mimi na begi moja. Hukuwa na mtoto. Kwetu Wanyambo shangazi si mtu wa pembeni, ni baba aliyevaa gauni. Shangazi akisema amekwenda kuuliza jambo na jibu ni hili, mtoto hapiti nyuma yake kwenda kuuliza tena. Ukifanya hivyo umemwita mwongo, na hakuna ukoo utakaokuelewa. Wewe ulilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Nianze na mema nisije nikaambiwa sina shukrani. Nilikuwa na miaka minane, Krismasi, tuko Kituntu kwa baba. Nilijikata mguu kwa jembe kwenye kibanja, kati ya migomba, na damu ikajaa kwenye kandambili. Ulinifunga kwa kitenge chako kipya, ukanibeba mgongoni mpaka barabarani, tukapanda bodaboda hadi hospitali ya Nyakahanga. Nesi aliponishona nilikataa kulala. Nilikaa nikaangalia sindano inavyoingia na kutoka, nikahesabu nyuzi kwa sauti mpaka saba. Wewe ndiye uliyekuwa unalia.

Tangu siku hiyo, kila mgeni aliyefika kwako, kabla hujamkaribisha hata kahawa ya kutafuna, ulikuwa unanivuta mbele yake. "Huyu ndiye daktari wangu. Alihesabu nyuzi, hakutoa hata chozi." Nilikuwa nasikia haya, najificha nyuma ya mlango, halafu nachungulia nisikie tena. Udaktari sikuuokota shuleni, Shangazi. Uliupanda wewe, ukaupalilia, na ulipokaribia kuzaa ukaukata.

Halafu kuna ile habari ya miwani. Ulikuwa na miwani yako ya fremu nyekundu, uliyoinunua mnadani, na hata ukiivaa ulisema herufi zinakukimbia. Kwa hiyo kila jioni, tukisubiri ndizi ziive, mimi ndiye niliyekusomea ujumbe wa simu yako ya kitochi: wa kwaya, wa chama cha kahawa, wa baba akisalimia. Ulikuwa unafumba macho ukisikiliza, ukisema, "Rudia hapo." Nilikuwa najiona mtu muhimu sana. Nilikuwa macho yako.

Nilipomaliza kidato cha sita nikapata B ya Biolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia, tulikwenda pamoja Kayanga kwenye ile steshenari karibu na stendi kuomba chuo. Sikuwa na simu. Sikuwa hata na kitambulisho cha taifa cha kusajilia laini. Kijana wa steshenari alipouliza namba, ulisema, "Andika yangu, mimi na yeye ni mtu mmoja." Niliona fahari. Akasema, "Ukichaguliwa utaletewa ujumbe kwenye namba hii. Ukichaguliwa na vyuo viwili, utaletewa na namba ya siri ya kuthibitisha kimoja. Usipothibitisha, nafasi anapewa mwingine." Uliitikia kwa kichwa kila neno, Shangazi. Ulielewa kuliko mimi.

Tukarudi nyumbani, tukangoja. Ulikuwa msimu wa kahawa. Kutwa nzima naanika, nageuza, nafukuza kuku, na kila jioni nachukua simu yako nasoma. Hakuna. "Subira yavuta heri, mwana wange," ukawa unaniambia. Kisha baba akaniita Kituntu siku tatu nikamsaidie kuchuma. Niliporudi, nilikukuta umekaa kwenye mkeka uani, unachambua maharage. Hukuinua kichwa.

"Nilipita Kayanga jana," ulisema. "Kijana ameangalia kwenye kompyuta. Jina lako halimo."

"Halimo kabisa, Shangazi?"

"Halimo. Ni hiyo Fizikia, mwana wange. Na udaktari una wenyewe."

Sikwenda kuuliza. Hilo ndilo kosa langu, na nimelikubali. Nauli ilikuwepo, bodaboda zilikuwepo, njia naijua. Lakini Shangazi alikuwa ameshakwenda, Shangazi alikuwa ameshauliza. Ningeanzaje? Nilichukua ungo nikakusaidia kuchambua maharage, na wewe uliniacha nichambue.

Wiki iliyofuata ukanitangaza jumuiya. Mwezi haukupita ukanitafutia kazi kwenye duka la dawa hapo hapo Songambele, nusu saa kwa mguu kutoka mlangoni kwako. Nikapanga dawa kwenye rafu, nikawauzia wamama dawa za minyoo, nikajifunza kupima presha. Watu wakaanza kuniita daktari kwa utani. Wewe ulikuwa unacheka nao.

Mwaka wa pili nikajiandikisha kurudia Fizikia, mtahiniwa wa kujitegemea. Hapa ndipo hasira yangu inapochemka hasa. Ulikuwa unaniona nimeinamia daftari pale jikoni, macho mekundu kwa moshi, nalia kwa sababu ya umeme na sumaku, na ulikuwa unaniletea bakuli la katogo, ndizi na maharage, unaniwekea mkononi. "Pumzika, mwana wange, usijitese. Si kila mtu atakuwa daktari." Ulikuwa unajua kwamba ninalipia kosa ambalo sikulifanya. Ulikuwa unajua, na unaniongezea chumvi kwenye chakula.

Februari ukaanguka uani. Nilikupima presha mimi, nikaona namba nikajua hali si nzuri. Tukakupakia kwenye gari hadi Nyakahanga, kulekule nilikoshonwa mguu. Ulikuwa na siku nne za akili timamu, na mimi nilikuwa kitini kando yako siku zote nne. Ulizungumzia mbuzi. Nani atamfungua asubuhi, asile miche ya jirani, asiuzwe kabla hajazaa. Ulizungumzia sare ya kwaya, bado iko kwa fundi. Siku ya nne ulinishika mkono, nikainama, nikajua sasa unataka kusema la maana. Ukasema, "Mbuzi yule ana mimba ya pacha."

Siku ya tano ukaenda.

Nilikulilia sana. Sikatai. Nilikulilia mpaka wamama wakanimwagia maji.

Siku ya kuanua matanga wazee waliniita katikati ya uwanja. Marehemu hana mtoto, wakasema, na kwetu mwanamke wa namna hiyo anarithiwa na binti wa kaka yake. Wakaniketisha kwenye kigoda chako, wakanifunga kitenge chako, kile cha damu yangu, ulikuwa umekitunza miaka yote. Baba mwenyewe akaja akanipigia goti, akasema, "Shikamoo, dada." Watu wakacheka na kulia. "Kuanzia leo Koku ndiye Shangazi," mzee akatangaza. Nikapewa kigoda, jembe, mbuzi, miwani na simu.

Siku ya tatu baada ya hapo nikakaa nje saa za mchana kufuta ujumbe wa zamani, simu ilikuwa imejaa. Nikafungua mahali ambapo sikuwahi kupafungua, kwenye sehemu ya ujumbe uliohifadhiwa. Ulikuwemo mmoja tu. Unasema nimechaguliwa kusomea udaktari wa binadamu katika vyuo viwili, kimoja Mwanza, kingine Dodoma. Unasema nithibitishe kimoja kwa namba ya siri hii hapa kabla ya siku fulani. Uliingia siku ya pili nilipokuwa Kituntu.

Niliusoma mara nyingi kiasi kwamba mbuzi alimaliza kula kandambili yangu moja na sikumwona.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga, na mimi ile nguo nilikuwa nimeivaa. Mtu asiyeweza kusoma bila msaada aliusoma ule ujumbe. Mtu ambaye herufi zinamkimbia alijua sehemu ya kuuhifadhi. Nikaingia ndani nikachukua miwani yako, nikaivaa, nikatazama kalenda ukutani. Ni vioo vitupu, Shangazi. Havikuzi kitu. Miaka yote ile ulikuwa unaona kuliko mimi.

Na kwa nini hukuufuta? Ungeufuta nisingejua kamwe, ningekuombea misa kila mwaka. Wapo watakaosema uliuacha ili niuone. Kama ulitaka niuone, ulikuwa na mdomo. Tuliachie hapo.

Nilikwenda Kayanga kesho yake. Kijana wa steshenari ameota ndevu sasa. Nikamuuliza kama mwaka ule kuna mama yeyote alikuja kuniulizia. Akatafuta kichwani. "Hakuja mtu," akasema. "Mimi nilijua umeshakwenda chuo. Jina lako lilikuwepo, niliwaonyesha hata wenzako." Njia ya mwongo fupi, Shangazi, ila yako ilinigharimu miaka miwili kuufikia mwisho wake.

Jumapili iliyofuata, baada ya sala ya jumuiya, nilisimama palepale uliposimama wewe. Nikatoa simu yako, nikausoma ujumbe wote, neno kwa neno, na siku uliyoingia. Mama mmoja akasema chinichini, "Marehemu hasemwi, binti." Nikamjibu, "Sijamsema. Nimemsomea, alivyozoea." Mwenyekiti akaanzisha wimbo wa Bikira Maria haraka haraka, tukatawanyika. Najuta? Sijuti. Nililala usingizi mzuri siku hiyo, wa kwanza tangu uondoke.

Baba alikuja toka Kituntu kunituliza. Tulikaa kwenye kibanja, karibu na kaburi lako, akavunja vunja jani la mgomba mikononi.

"Aliogopa kubaki peke yake," alisema. "Alikuwa na wewe tu."

"Angesema, baba. Ningekuja kila likizo. Ningempigia kila jioni nimsomee ujumbe wake kwenye simu."

"Mtu hasemi kitu kama hicho, mwanangu. Ni aibu."

"Na kusema nimefeli haikuwa aibu?"

Aliniambia nisamehe. Nikamwambia kusamehe nitaanza siku nitakayovaa koti jeupe, si kabla, na kama Mungu ana haraka anisaidie kulivaa.

Sasa nikueleze ninavyokulipiza. Sitakata migomba yako. Mbuzi nimemtunza, alizaa, ni kweli walikuwa pacha. Kisasi changu ni maombi ya chuo, yaliyoandaliwa hivi kwamba hata wewe ukifufuka huna pa kuyashikia.

Fizikia ile niliifanya Mei. Watu waliniuliza ya nini tena, kama D ilikuwa imetosha. Ilitosha mwaka ule. Kila mwaka waombaji wanaongezeka na nafasi ni zile zile, na mimi sitaki tena kupita mlangoni kwa kujibana. Nilikwenda kwa mguu shule ya kule bondeni kila Jumamosi, mwalimu wa Fizikia akanifungulia maabara, nikapima na kupima tena mpaka akanionea huruma akaniletea muhogo. Kwenye mtihani wa vitendo mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Hasira ni dawa nzuri ya mkono. Matokeo yametoka: B. Umeisikia? Fizikia, B.

Kuna na mambo madogo madogo ambayo mwaka ule tuliyaacha yajiendee. Cheti changu cha kuzaliwa kina jina la babu, vyeti vya shule vina jina la baba. Nimekwenda kwa wakili nikala kiapo kwamba mtu ni huyo huyo. Barua pepe ya mwanzo alinifungulia kijana wa steshenari na nywila akaandika kwenye daftari lake la kaunta; sasa ninayo yangu, nimeifungua mwenyewe. Mwaka ule tulichagua vyuo kwa kusikia majina. Mwaka huu nimesoma sifa za kila chuo mpaka mstari wa mwisho, nimeuliza wahudumu wa afya wanaokuja dukani walisoma wapi na walipokelewaje, na orodha yangu nimeipanga kwa akili, si kwa sifa za mjini. Kama udaktari utakataa, nimeuliza pia njia ya kupitia utabibu wa stashahada, kisha nipande. Nina njia mbili, zote zinaishia kwenye koti lile lile.

Sina hakika, Shangazi. Nikuambie ukweli ambao hukuniambia. Mwaka ule mlango ulikuwa wazi na mimi nikaanika kahawa. Mwaka huu nabisha tena na huenda wasifungue. Nikiwaza hivyo napata baridi, na baridi ikipita zinabaki hasira, na hasira ndizo zinazoniamsha asubuhi.

Jana nilikwenda kutuma. Nilivaa kitenge chako. Kijana wa steshenari akanijazia sehemu moja baada ya nyingine, mimi nimesimama nyuma yake nasoma kila herufi. Tukafika kwenye namba ya simu. Ninayo laini yangu sasa, nimesajili kwa kidole changu. Yeye akasubiri niitaje. Nikamtajia yako.

Akageuka. "Hii si ile ile ya mwaka ule?"

"Ndiyo hiyo."

"Si ulisema shangazi yako alifariki?"

"Shangazi ni mimi."

Akaandika, akamalizia, akatuma. Hapo hapo simu yako ikalia mfukoni mwangu, ule mlio wako wa kuku unaowakera watu kanisani. Ni ujumbe wa kusema maombi yamepokelewa, basi, si zaidi ya hapo. Nikausoma kwa sauti mbele ya wateja wote. Miwani sikuihitaji.

Laini yako naiwekea vocha kila mwezi isifungwe. Wewe umekufa, lakini laini hiyo haifi mpaka itoe tena ule ujumbe ilioumeza. Wasiponichagua mwaka huu nitaomba mwakani, kwa namba hii hii, na mwaka unaofuata pia. Na siku ujumbe huo utakapoingia nitakuja kibanjani, mchana kweupe, niwaite wanajumuiya wote waliofumba macho. Nitasimama juu ya kaburi lako na kuusoma mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili yangu, mara ya pili kwa ajili yako, maana utasema herufi zinakukimbia. Kisha nitathibitisha hapo hapo, kwa kidole changu, wewe ukiwa hapo chini huna mkono wa kunizuia.

Ukitaka nirudie, nitarudia. Ulipenda sana nikurudie.

Lala, Shangazi. Mbuzi wako wazima, sare ya kwaya nimeichukua kwa fundi, inanitosha mimi.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
ambaye watoto wa Songambele sasa wanamwamkia: shikamoo, Shangazi.